Mvinyo Wenye Ukungu

Dodoma ni mkoa wa zabibu. Mizabibu ilipandwa Bihawana na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950. Leo utaikuta Mpunguzi, Hombolo, Makutupora na katika vijiji vingine vingi. Inavunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza ni Februari na Machi. Mavuno ya pili ni Agosti na Septemba.

Zabibu hazingoji. Zikiiva zinakaa siku chache tu, kisha zinaoza. Tena wakulima wote wanavuna wiki zile zile. Mnunuzi anapita shamba hadi shamba akichagua, na bei inashuka. Ndiyo maana watu wengi, hasa akina mama wa vikundi, wanakamua zabibu zao na kutengeneza mvinyo nyumbani. Wengine wanauita divai. Zabibu haziwezi kungoja mnunuzi, lakini mvinyo unaweza.

Hata hivyo kuna tatizo moja linalorudisha watu nyuma. Mvinyo uko kwenye chupa, kizibo kimekazwa, karatasi ya jina imebandikwa vizuri. Ukiuinua kwenye mwanga, unaonekana kama maji yaliyooshewa mchele. Mnunuzi anatazama mara moja, anarudisha chupa mezani. Au ananunua leo, kesho anairudisha. Kazi ya miezi imepotea, na ada ya mtoto haijapatikana.

Somo letu linahusu ukungu huo. Halifundishi kutengeneza mvinyo tangu mwanzo. Linaeleza ukungu unatoka wapi, unaondoka vipi, na kwa nini wakati mwingine usifanye lolote ila kungoja.

Siku moja mama mtu mzima alikuja darasani na chupa ndani ya kikapu. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

– Shikamoo mama.

– Marahaba mwalimu. Nimekuletea mgonjwa.

– Mgonjwa gani?

– Huyu hapa kwenye chupa. Nimemchuja kwa kanga mara tatu, hajapona.

– Ana muda gani tangu ulipokamua?

– Wiki nne.

– Ukionja, bado una utamu?

– Utamu upo kidogo. Na ulimi unawashwa washwa.

– Basi mama, huyu si mgonjwa. Huyu ni mtoto mchanga. Ulimtoa ndani mapema.

Darasa zima lilicheka, na mama naye akacheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri, na kanga yake iliyochafuka bure ilitupa somo la wiki nzima.

UKUNGU NI NINI?

Sote tunajua maji ya lambo. Ukiyachota asubuhi yana tope. Ukiyaacha mtungini bila kuyatikisa, tope linashuka chini na maji ya juu yanakuwa maangavu. Vitu vilivyoshuka chini tunaviita mashapo.

Mvinyo nao una mashapo. Lakini mashapo ya mvinyo si ya aina moja.

Kwanza kuna hamira. Hamira ni chembe zenye uhai. Nyingine zinakuja na zabibu zenyewe, nyingine tunazinunua dukani na kuzitia. Chembe hizi zinakula sukari ya zabibu. Wakati zinakula, zinatoa kileo na gesi. Kazi hiyo ndiyo kuchacha. Chembe za hamira ni ndogo sana. Chukua rula, tazama milimita 1. Ukizipanga chembe za hamira mstari mmoja, zitaingia 100 au zaidi ndani ya milimita hiyo.

Pili kuna vipande vidogo vya nyama ya tunda na maganda. Tatu kuna pektini, yaani kitu kile kinachofanya jemu igande. Zabibu zina pektini kidogo. Mapera, maembe na ndizi zina zaidi. Nne kuna wanga, hasa kwa wanaotumia ndizi ambazo hazijaiva sawasawa. Tano kuna protini, nayo inasumbua zaidi mvinyo mweupe.

Kila kimoja kati ya hivi kina njia yake ya kuondoka. Dawa ya protini haiondoi wanga. Na hakuna dawa inayoweza kushusha hamira ambayo bado inafanya kazi.

JE, UMEMALIZA KUCHACHA?

Hili ndilo swali la kwanza. Mtu asipolijibu, mengine yote katika somo hili hayatamsaidia. Tena linahusu usalama wa watu nyumbani, kwa hiyo tutalikalia kidogo.

Mvinyo unaochacha una ukungu kwa sababu hamira inaelea ndani yake, na gesi inaitikisa usiku na mchana. Ni kama lambo ambalo ng'ombe wamo ndani. Tope halitashuka mpaka ng'ombe watoke.

Utajuaje? Watengenezaji wengi wanaziba dumu kwa kizibo chenye mrija, na ncha ya pili ya mrija wanaizamisha kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa na wadudu hawaingii. Hesabu mapovu yanayotoka majini. Siku za kwanza yanatoka mfululizo. Baadaye linatoka moja kwa dakika. Mwishoni unakaa muda mrefu huoni kitu. Onja pia. Mvinyo uliomaliza sukari yake hauna utamu wa sukari, na hauwashi ulimi.

Lakini ulimi unaweza kudanganywa. Njia ya uhakika ni kutumia haidromita. Ni kipimo cha kioo chenye umbo la mrija, kinachoelea ndani ya mvinyo na kuonyesha namba. Maji safi yanaonyesha 1.000. Maji ya zabibu yenye sukari yanaonyesha namba kubwa zaidi. Mvinyo uliomaliza sukari unaonyesha chini ya 1.000. Pima leo, andika namba kwenye daftari. Pima tena baada ya wiki mbili. Namba ikiwa ile ile, na iko chini ya 1.000, hamira imemaliza kazi. Kikundi kinaweza kununua kipimo kimoja na kukitumia wote. Kwa maoni yangu ni bora kikundi kinunue kipimo hiki kabla ya kununua karatasi nzuri za kubandika kwenye chupa.

Sasa sikiliza hatari yenyewe. Tuseme umefunga chupa wakati bado kuna sukari ndani. Hamira itaendelea kula, na gesi haina pa kutokea. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, yaani kama gramu 4, kikibaki katika kila lita, kinatoa gesi yenye msukumo wa kama kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Vijiko 6 vinatoa msukumo wa kama kilo 6. Tairi la gari dogo lina msukumo wa kama kilo 2 tu. Mvinyo wa shampeni wa Ufaransa unawekwa kwenye chupa nene sana kwa sababu hiyo. Chupa zetu za kawaida, tena zilizokwisha kutumika, hazikutengenezwa kwa msukumo huo. Zinapasuka. Vigae vinaruka chumba kizima.

Na chupa hizo tunaziweka wapi? Wengi wanaziweka uvunguni mwa kitanda, pale penye ubaridi na giza. Juu ya kitanda hicho wamelala watoto. Basi usifunge chupa mpaka uwe na hakika.

Kumbuka pia kwamba mvinyo mwangavu unaweza kupasua chupa. Hamira kidogo tu, ambayo jicho halioni, ikikuta sukari itazaliana. Kwa hiyo usimwamini mtu anayesema, "Umeshang'aa, weka kwenye chupa." Kung'aa ni jambo moja, kumaliza kuchacha ni jambo jingine.

KANGA HAITOSHI

Kitambaa kinazuia maganda na mbegu. Hakizuii hamira. Tumeona kwamba chembe 100 zinaingia ndani ya milimita 1. Tundu dogo kabisa la kanga ni mlango mkubwa kwao. Tena kila unapomimina mvinyo kwenye kitambaa, unauchanganya na hewa. Hewa inaharibu rangi na harufu. Hewa pia inawasaidia bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Mtu anayechuja mara tatu anaweza kubaki na mvinyo wenye ukungu ule ule, na sasa una uchungu wa siki juu yake. Siki haina dawa. Huwezi kuirudisha kuwa mvinyo.

Chuja mara moja tu kwa kitambaa, siku ile unapokamua na kutenga maganda. Baada ya hapo kazi ya kuchuja inafanywa na uzito wa mashapo yenyewe. Kazi yako ni kuyaacha yashuke, kisha kuuhamisha mvinyo bila kuyaamsha.

KUHAMISHA MVINYO

Unahitaji madumu mawili ya lita 20 yaliyo safi na mpira mwembamba wa urefu wa mita 2 hivi. Mpira uwe mpya, wa aina inayofaa kwa chakula. Mpira uliopitisha petroli au dawa ya mimea usiguse mvinyo. Dumu nalo ni vivyo hivyo. Harufu ya mafuta ya taa haitoki kwa sabuni, na dumu la dawa ya mimea ni sumu hata likioshwa mara kumi.

Siku moja kabla, weka dumu lenye mvinyo juu ya meza imara. Mashapo yaliyotikisika wakati wa kulibeba yatashuka usiku. Kesho yake usilisogeze tena.

Chukua kijiti kirefu kilichochemshwa. Funga mpira kwenye kijiti, lakini ncha ya mpira isifike mwisho wa kijiti. Acha nafasi ya vidole vitatu. Ukizamisha kijiti mpaka chini, kijiti kitagusa mashapo, na ncha ya mpira itabaki juu yake.

Watu wengi wanaanza kuvuta kwa mdomo. Usifanye hivyo. Mdomo una vijidudu, na mvinyo huu utauziwa mtu. Jaza mpira maji yaliyochemshwa yakapoa. Bana ncha zote mbili kwa vidole. Zamisha ncha moja kwenye mvinyo. Ncha ya pili ishushe chini ya meza, uachie. Maji yatatoka kwanza, yapokee kwenye kikombe uyamwage. Mvinyo ukianza kuja, ingiza ncha mpaka chini kabisa ya dumu tupu. Usiache mvinyo udondoke kutoka juu na kutoa povu.

Tazama mpira. Ukiona tope linaanza kuingia, bana na kutoa. Utakuwa umeacha kama lita 1 au 2 pamoja na mashapo. Wengine inawauma kuziacha, wanainamisha dumu mpaka tone la mwisho. Kwa lita hiyo moja wanaichafua kazi yote. Kama unaona uchungu, mimina mabaki hayo kwenye chupa, acha siku tatu, utapata kikombe au viwili vya mvinyo mzuri juu yake. Kinachobaki kipeleke shimo la mbolea.

Sasa dumu la pili halijajaa. Nafasi iliyo wazi imejaa hewa, na tumesema hewa ni adui. Ongeza mvinyo mwingine wa aina ile ile. Kama huna, hamishia kwenye vyombo vidogo vinavyojaa. Njia nyingine ni kuchemsha gololi za kioo za watoto na kuzitumbukiza mpaka mvinyo upande shingoni. Rudisha kizibo chenye mrija.

Uhamishe lini? Mara ya kwanza ni pale mapovu yanapokwisha, mara nyingi wiki 3 hivi baada ya kukamua. Mara ya pili ni baada ya mwezi 1 au 2. Ukiona mashapo mapya yenye unene wa kidole, hamisha mara ya tatu. Usiuache mvinyo juu ya mashapo mazito kwa miezi mingi. Hamira iliyokufa inaoza, na mvinyo utanuka mayai viza.

Ubaridi unasaidia sana. Mashapo yanashuka haraka zaidi mvinyo ukiwa baridi na umetulia. Hapa Dodoma tuna bahati. Mvinyo wa mavuno ya Februari na Machi unafikia wakati wa kutulia Juni na Julai, na usiku wa miezi hiyo ni wa baridi. Mvinyo wa Agosti na Septemba unakutana na joto la Oktoba na Novemba. Huo unahitaji uvumilivu zaidi na mahali penye ubaridi zaidi, kwa mfano kona ya chumba cha udongo kisichopigwa na jua.

Asubuhi za baridi unaweza kuona chembe ngumu chini ya chombo, zinang'aa kama sukari au kama vigae vya kioo. Usiogope. Ni chumvi ya asidi ya zabibu, ambayo ubaridi umeigandisha. Haidhuru mtu. Uhamishe mvinyo kama kawaida na chembe hizo zitabaki nyuma.

Mvinyo mwingi wa zabibu utang'aa kwa njia hii peke yake, bila kuongezwa kitu. Hesabu miezi 4 hadi 6 tangu kukamua. Najua miezi 6 ni mingi kwa mtu anayedaiwa. Kwa sababu hiyo nashauri kikundi kisiweke zabibu zote kwenye mvinyo. Sehemu ziuzwe mbichi kwa bei iliyopo, ili haja za leo zisiulazimishe mvinyo utoke kabla ya wakati wake.

KAMA MIEZI IMEPITA NA UKUNGU UPO

Hapo ndipo tunazungumza juu ya kusaidia mashapo yashuke. Lakini kwanza hakikisha kwamba gesi imekwisha ndani ya mvinyo. Jaza nusu chupa, ziba kwa kidole, tikisa, achia. Ukisikia gesi ikitoka kwa nguvu, tatizo ni gesi hiyo. Inayabeba mashapo juu. Koroga mvinyo polepole kwa kijiti safi siku mbili tatu, gesi itoke, kisha ungoje tena.

Kwa mvinyo mwekundu, kama ule wa zabibu za Makutupora nyekundu, kuna njia ya zamani inayotumia ute wa yai. Katika eneo la Bordeaux, Ufaransa, watengenezaji wameitumia kwa vizazi vingi. Wanatia ute wa mayai 5 au 6 katika pipa la lita 225. Kwa dumu letu la lita 20 unatosha ute wa nusu yai, yaani kijiko kimoja cha chakula. Chukua yai bichi na safi. Tenga ute na kiini. Changanya kijiko hicho cha ute na nusu kikombe cha maji na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Koroga taratibu, usitoe povu. Mimina kwenye mvinyo ukikoroga, kisha ziba. Baada ya wiki 1 au 2 hamisha.

Ute unafanyaje kazi? Maganda ya zabibu nyekundu yana tanini, yaani kile kinachokaza ulimi unapotafuna ganda. Ute wa yai unashikamana na tanini. Vinakuwa vipande vizito, na vikishuka vinabeba chembe nyingine njiani kama wavu. Kwa hiyo ute unahitaji tanini. Mvinyo mweupe una tanini kidogo sana, kwa sababu umekamuliwa bila kuchachishwa na maganda. Ukitia ute humo, utabaki unaelea, na ukungu utaongezeka. Pia mwambie mnunuzi kwamba umetumia yai. Kuna watu ambao miili yao haipatani na mayai.

Kwa mvinyo mweupe, kama ule wa zabibu za Chenin Blanc, tatizo la mwisho mara nyingi ni protini. Hii ni janja. Mvinyo unang'aa nyumbani, lakini ukisafirishwa juani kwenye basi, unafika mjini na ukungu. Ujaribu kabla ya kuuza. Jaza chupa ndogo mvinyo uliong'aa, weka kizibo bila kukaza, iweke kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyotokota kwa saa 2. Iache ipoe mpaka kesho. Ikiwa imepata ukungu, ni protini.

Dawa yake ni udongo maalumu unaoitwa bentonaiti. Jina lake limetokana na miamba ya Benton katika jimbo la Wyoming, Marekani. Unauzwa ukiwa unga uliosafishwa kwa ajili ya vinywaji. Kwa lita 20 anza na gramu 10. Loweka katika glasi moja ya maji ya moto kwa siku nzima mpaka uwe kama uji mwepesi. Koroga ndani ya mvinyo, ngoja wiki 1 hadi 2, kisha hamisha. Kama haukutosha, unaweza kufika gramu 20, lakini usizidishe. Udongo mwingi unaondoa pia ladha. Ni vizuri kujaribu kwanza kwenye chupa moja ya lita 1.

Udongo wa kichuguu si bentonaiti. Nasema hivi kwa sababu ukisema "udongo" kijijini, mtu atatoka na jembe.

Wanaotengeneza mvinyo wa ndizi, maembe au mapera wana kazi ngumu zaidi. Wengi wao wanachemsha matunda ili yatoe maji. Kuchemsha kunatoa pektini na wanga, na ukungu wake hauondoki kwa kungoja. Ponda matunda bila kuyachemsha, na tumia ndizi zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, kwa sababu wanga wake umegeuka kuwa sukari. Kuna kimeng'enya kinachovunja pektini, nacho kinatiwa mwanzoni kabisa, siku ya kuponda. Kujua kama ukungu wa mvinyo wa ndizi ni wanga, mimina kidogo kwenye kisosi, dondosha tone la ayodini ya duka la dawa. Ukigeuka buluu au mweusi, ni wanga. Mwaga ulichojaribia, usikionje.

VITU VYA KUEPUKA

Shabu inasafisha maji ya lambo, lakini isiingie kwenye mvinyo. Majivu nayo yasiingie. Usitumie ndoo ya bati, wala sufuria ya shaba au chuma. Mvinyo una asidi, unayeyusha madini hayo. Yanaleta sumu, na chuma na shaba vinaleta ukungu mpya. Tumia kioo, plastiki ya chakula, au chuma kisichopata kutu.

Kuna unga unaoitwa metabisalfaiti. Unazuia vijidudu na kuulinda mvinyo dhidi ya hewa. Kiasi chake ni kidogo mno, gramu 1 kwa lita 10. Hiyo haipimwi kwa kijiko wala kwa macho. Bila mizani ya kupima gramu, usiutumie. Unaweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua, kwa hiyo ukiutumia, uandike kwenye chupa.

KABLA YA KUUZA

Kutengeneza kileo cha kuuza kunahitaji leseni, na chupa inapaswa kupitia Shirika la Viwango, yaani TBS. Tangu 2019 TBS ndiyo inayosimamia pia usalama wa vyakula. Kileo hakiuzwi kwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Ofisi za SIDO za mikoa zinasaidia vikundi vya usindikaji kujifunza kazi na kufuata taratibu hizi. Wataalamu wa zabibu wako katika kituo cha utafiti cha TARI Makutupora. Nenda na daftari lako lenye tarehe na namba za haidromita. Mtaalamu atakusaidia haraka zaidi akiona maandishi kuliko akisikia, "Nadhani ilikuwa mwezi wa tatu."

JARIBU HILI DARASANI

Mimina mvinyo mweupe kwenye glasi nyembamba. Simamisha kitabu hiki nyuma ya glasi, asome mtu mmoja mmoja. Herufi zikisomeka bila shida, mvinyo unang'aa. Zikionekana kama zimefunikwa na moshi, bado. Kwa mvinyo mwekundu washa tochi nyuma ya glasi gizani. Mwanga ukipita kama kwenye kioo chekundu, ni vizuri. Ukitawanyika kama taa ya gari kwenye vumbi, rudisha mvinyo kwenye dumu.

MASWALI

1. Kwa nini mvinyo unaochacha haupati kung'aa?

2. Mwenzako ametia ute wa yai kwenye mvinyo mweupe na ukungu umeongezeka. Mweleze kwa nini.

3. Umepima mvinyo wako tarehe 1 Mei, ukapata 1.004. Tarehe 15 Mei umepata 0.998. Je, unaweza kuufunga kwenye chupa? Utapima tena tarehe ngapi?

4. Una dumu la lita 20. Umehamisha mvinyo na kuacha lita 2 pamoja na mashapo. Chupa moja inachukua mililita 750. Utajaza chupa ngapi?

5. Jadilianeni: katika kijiji chenu chupa za mvinyo zinahifadhiwa wapi, na nani analala karibu nazo?